Likizo ya Italia kwa treni: ulale wapi, ule nini na utembelee nini Roma, Napoli na Bologna

Wanaopanga likizo ya Italia kwa mara ya kwanza huwa na orodha ndefu: Roma, Firenze, Venezia, Milano, Pisa, Napoli, na siku zikitosha, Ziwa Como. Ukiifuata orodha hiyo kwa siku kumi, nusu ya likizo itaishia kuburuta masanduku juu ya barabara za mawe na kusubiri chumba kiwe tayari. Ushauri wangu ni mmoja, na mwongozo wote umesimama juu yake: lala katika miji mitatu tu, na mingine iendee asubuhi kwa treni urudi jioni. Mitatu yenyewe ni Roma, Napoli na Bologna. Firenze na Venezia nimeziacha nje makusudi. Sababu utaiona tukifika Bologna.

Hatua ya 1: Viza, msimu na ndege

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia kundi la nchi za Ulaya, Italia ikiwemo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Usisubiri huko mwishoni, maana kupata nafasi ya kupeleka makaratasi kwenyewe kunaweza kuchukua wiki. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto aliyetimiza miaka 6 ambaye hajafika 12. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe hai kwa miezi mitatu zaidi baada ya siku utakayotoka Schengen, na ibakiwe na kurasa mbili tupu.

Kwenye taarifa ya benki, akaunti inayoonyesha mshahara au mapato ya biashara yakiingia mwezi hadi mwezi ina nguvu kuliko akaunti iliyojazwa ghafla wiki ya maombi. Vyumba viweke kwa masharti ya kughairi bila malipo hadi viza itoke. Walioko Ulaya wakiwa na kibali cha kuishi cha nchi ya Schengen hawahitaji viza nyingine. Walioko Uingereza kwa pasipoti ya Afrika Mashariki wanaihitaji.

Msimu mzuri ni Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, kisha katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Julai na Agosti joto linaweza kupita nyuzi 35, na linachosha kwa namna isiyo ya pwani yetu kwa sababu mawe ya mji hulihifadhi hadi usiku. Karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, wenyeji huenda baharini na migahawa mingi ya mitaani hufungwa. Novemba, Januari na Februari ni rahisi kwa bei, ila beba koti la kweli.

Tiketi ya ndege inunue kwa kuingilia Roma na kutokea Milano. Ethiopian Airlines, kwa mfano, hufika miji yote miwili kutoka Addis Ababa. Kwa njia hiyo utashuka Roma, utateremka Napoli, utapanda Bologna, kisha Milano iko saa moja na dakika chache mbele. Hutalazimika kurudi Roma kwa ajili ya ndege tu.

Hatua ya 2: Namna ya kuchagua chumba popote Italia

Kabla ya kutazama picha za kitanda, tazama mambo manne.

La kwanza ni umbali wa kituo cha metro au tramu, upimwe kwa miguu. La pili ni lifti. Majengo ya katikati ya miji hii yana umri wa mamia ya miaka, na chumba cha ghorofa ya nne bila lifti ni adhabu kwa mwenye sanduku la kilo 23 au mzazi mzee. La tatu ni kiyoyozi kama unasafiri kati ya Juni na Septemba. La nne ni namba ya CIN, yaani namba ya taifa ya utambulisho wa malazi. Tangu Januari 2025 kila nyumba au chumba cha kupangisha wageni kwa muda mfupi lazima kiwe na namba hiyo na kuionyesha kwenye tangazo. Tangazo lisilo nayo liache, hata bei ikivutia vipi.

Juu ya bei ya chumba kuna kodi ya malazi ya halmashauri, kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi hulipwa papo hapo ukifika. Roma ni kama euro 4 hadi 10 kulingana na daraja la hoteli. Familia ya watu wanne iingize kwenye hesabu mapema.

Mbali na hoteli, kuna aina mbili za malazi ambazo watu wetu huzipita bila kuziangalia. *Casa per ferie* ni nyumba za wageni zinazoendeshwa na masista au mashirika ya dini, nyingi zikiwa Roma. Ni safi, tulivu, bei yake ni ya kiungwana, na humpokea mtu wa dini yoyote. Uliza tu saa ya kufunga geti, maana nyingine hufunga saa tano usiku. *Agriturismo* ni shamba linalopokea wageni, na chakula chake hutoka shambani humo. Shida ni kwamba mengi hayafikiki bila gari, kwa hiyo katika safari hii ya treni sikuyaweka.

Hatua ya 3: Treni

Kuna treni za kasi na treni za mkoa, na sheria zake ni tofauti kabisa. Za kasi zinaendeshwa na Trenitalia (Frecciarossa) na Italo. Bei hupanda kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo nunua wiki kadhaa kabla. Tiketi za bei ya chini kabisa hazirudishwi wala hazibadilishwi saa, basi usiiweke treni ya namna hiyo siku unayoshuka kwenye ndege. Roma hadi Napoli ni saa moja na dakika kumi hivi. Napoli hadi Bologna ni kama saa tatu na nusu. Bologna hadi Firenze ni chini ya dakika 40.

Treni za mkoa bei yake haibadiliki, unanunua siku hiyo hiyo. Hapa ndipo wageni hupigwa faini: tiketi ya karatasi lazima uipige muhuri kwenye kimashine kilicho kituoni kabla ya kupanda, na ya kwenye simu lazima uithibitishe kabla ya safari kuanza. Mkaguzi hasikilizi kwamba wewe ni mgeni. Angalia pia neno *sciopero*, yaani mgomo. Migomo hutangazwa mapema, na siku za kazi treni za mkoa huhakikishwa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku.

Kutoka Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, treni ya Leonardo Express huingia Termini, kituo kikuu cha treni mjini, kwa dakika 32 kwa euro 14. Kama umelala upande wa Trastevere, Ostiense au Tiburtina, panda treni ya FL1 kwa euro 8. Teksi nyeupe rasmi zina bei maalumu ya euro 55 hadi ndani ya kuta za kale za mji, kwa gari zima na mizigo, kwa hiyo kwa watu wanne haizidi bei ya Leonardo Express.

Hatua ya 4: Mezani, kabla hujaagiza

Mtu wa Malindi au Watamu, ambako Waitaliano wameishi na kufungua migahawa kwa miongo, baadhi ya haya anayajua. Kwa wengine: chakula cha mchana ni saa sita na nusu hadi saa nane na nusu, cha usiku huanza saa moja na nusu au saa mbili. Mgahawa unaopika mfululizo kutwa nzima, wenye picha za vyakula mlangoni na mtu anayekuvuta mkono, upite. *Coperto* kwenye bili ni malipo ya kukaa mezani, kwa kawaida euro moja na nusu hadi tatu kwa mtu, si wizi. Bakshishi si lazima.

Menyu ina *primo* (tambi, wali, supu), *secondo* (nyama au samaki) na *contorno* (mboga). Hulazimiki kuagiza vyote. Lakini jua kwamba *secondo* huja peke yake: ukiagiza samaki, ataletwa samaki na kipande cha limau, basi. Mboga ziagize kando. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni euro moja na senti kadhaa. Ukikaa mezani kwenye uwanja maarufu, inaweza kuwa mara tatu.

Sasa suala la nguruwe, ambalo miongozo mingi hulimaliza kwa sentensi moja, nalo linahitaji zaidi. Kuepuka *prosciutto* na *mortadella*, nyama za nguruwe za kukatwa vipande vyembamba, ni rahisi kwa sababu unaziona. Nguruwe anayekuponyoka ni yule asiyeonekana. Tambi za *carbonara*, *amatriciana* na *gricia* za Roma zote zina *guanciale*, nyama ya shavu la nguruwe. *Ragù*, mchuzi wa nyama wa Bologna, kwa kawaida ina *pancetta* (nyama ya tumbo la nguruwe) pamoja na ng'ombe, na mvinyo. Kisha kuna *strutto*, mafuta ya nguruwe, yanayoingia kwenye unga wa mikate na vitafunwa ambavyo kwa macho havina nyama kabisa. Maswali matatu yatakutosha: *C'è maiale?* (Kuna nguruwe?), *C'è strutto?* na *C'è vino dentro?* (Kuna mvinyo ndani?). Waitaliano wanayajibu kwa uzito, kwa sababu wamezoea kuulizwa kuhusu vyakula vinavyowadhuru watu.

Hatua ya 5: Roma, siku nne

Lala Monti ukitaka kwenda Kolosseo kwa miguu, Prati ukija kwa ajili ya Vatikani, au Testaccio ukipenda mtaa wa wenyeji wenye soko zuri la chakula. Trastevere inapendeza mchana, lakini usiku kelele za baa hazikuachi usingizi. Esquilino, karibu na Termini, wengi huikwepa kwa sababu haina sura ya kadi ya posta. Mimi naipendekeza kwa msafiri wetu mwenye bajeti: soko la Piazza Vittorio lina ndizi za kupika, mihogo, bamia na bucha za halali, na mitaa inayozunguka Termini ina migahawa ya Kieritrea na Kiethiopia.

Tiketi ya Kolosseo hufunguliwa siku 30 kabla, huandikwa jina lako, na hukaguliwa na pasipoti. Bei ya kawaida ni euro 18 pamoja na magofu ya jirani ya Forum na kilima cha Palatino. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, ambayo ni bure na foleni yake ni ya kutisha. Lipa uende siku nyingine. Kuingia Basilika ya Mtakatifu Petro hakuna malipo, ila mabega na magoti yafunikwe. Hapo Vatikani ndipo Papa Paulo VI alipowatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, Oktoba 1964. Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa mwaka 1995, uko kaskazini mwa mji, na nguzo zake zinazotawanyika juu kama matawi zinastahili safari hata kwa asiyekwenda kuswali.

Ukiwa na nafasi ya sehemu moja tu nje ya orodha maarufu, iwe San Clemente, dakika chache kutoka Kolosseo. Unaingia kanisa la karne ya 12 lenye mozaiki ya dhahabu. Unashuka ngazi, unajikuta kwenye kanisa la karne ya 4 lililofukiwa chini yake. Unashuka tena, hewa inapoa, na uko kwenye vyumba vya Kirumi na hekalu la mungu Mithra, huku maji yakisikika yanapita nyuma ya ukuta. Hakuna mahali pengine Roma panapokuonyesha kwa nusu saa jinsi mji huu ulivyojengwa juu ya mgongo wake wenyewe. Na San Luigi dei Francesi, karibu na Piazza Navona, ina michoro mitatu ya Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo, bure. Beba sarafu ya kuwashia taa.

Kula *pizza al taglio* mchana. Inauzwa kwa uzito: unamwonyesha muuzaji kwa kidole akate hadi wapi, anakata kwa mkasi, anapima, unalipa. Ile ya viazi au ya nyanya tupu kwa kawaida haina nyama. Jioni jaribu *cacio e pepe*, tambi za jibini la kondoo na pilipili manga. Asiyekula nguruwe aende mtaa wa zamani wa Wayahudi, kwenye migahawa ya kosher, ambako nguruwe haingii jikoni. Huko, mwisho wa baridi hadi majira ya kuchipua, kuna *carciofi alla giudia*, artichoki nzima iliyokaangwa hadi majani ya nje yanavunjika kwa ukavu. Migahawa hiyo mingi hufungwa Ijumaa jioni na Jumamosi mchana.

Maji usinunue. Mabomba ya chuma barabarani, *nasoni*, hutoa maji baridi ya kunywa kutwa. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yatarukia juu kwenye kitundu, unywe bila kuinama sana.

Hatua ya 6: Napoli, siku tatu

Watu watakuambia Napoli ni hatari. Ni mji wenye vurugu, pikipiki na sauti kubwa, na mtu aliyezoea Kariakoo au Gikomba atajua mara moja jinsi ya kutembea ndani yake. Mfuko mbele, simu mkononi pale tu inapohitajika. Lala Chiaia kwa utulivu karibu na bahari, au Vomero juu ya kilima, ambako kuna funikula (treni ya kilimani inayovutwa kwa kamba) ya kukushusha. Mtaa wa kale ni mtamu, ila uliza lifti mara mbili.

Siku zipange hivi: Jumanne iwe ya Pompei, mji wa kale uliofukiwa na volkeno ya Vesuvio, kwa sababu Jumanne Makumbusho ya Akiolojia hufungwa na kanisa dogo la Cappella Sansevero pia. Sansevero ndiyo yenye Kristo Aliyefunikwa, sanamu ya Giuseppe Sanmartino ya mwaka 1753, ambamo marumaru imechongwa ikawa shela nyembamba hadi unauona mshipa wa paji la uso chini yake. Tiketi huisha siku nyingi kabla.

Kwenda Pompei, panda treni ya Circumvesuviana kutoka Garibaldi, njia ya Sorrento, ushuke kituo cha Pompei Scavi–Villa dei Misteri, si kituo kingine chenye jina la Pompei. Wageni sasa hawazidi 20,000 kwa siku na tiketi ina jina lako, basi nunua mapema na ubebe pasipoti. Kivuli ni kidogo mno. Ingia geti linapofunguliwa. Barabarani angalia mawe makubwa ya kuvukia na mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, kisha ingia kwenye kiwanda cha mkate, mawe ya kusagia bado yamesimama mbele ya tanuri. Ule mkate wenyewe, mweusi kama mkaa, mduara uliokatwa vipande nane, uko kwenye Makumbusho ya Akiolojia mjini Napoli. Uliokwa mwaka 79, Vesuvio ulipolipuka. Ndiyo maana nashauri uanze na Pompei, umalizie na makumbusho.

Ukiwa na watoto wadogo au wazee, achana na Pompei uende Ercolano, mji mwingine uliofukiwa na Vesuvio, kwa treni hiyo hiyo. Ni ndogo, inamalizika kwa saa tatu, na mbao za milango na dari zimebaki pale zilipokuwa, zimeungua tu.

Pizza ya Napoli hukaa kwenye tanuri la kuni sekunde 60 hadi 90, na katikati huwa laini, yenye majimaji, haijakosewa. Ustadi wa waokaji wake uliingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia usioshikika mwaka 2017. *Marinara* ni nyanya, vitunguu saumu, oregano na mafuta tu. *Margherita* huongeza jibini. Zote hazina nyama. Lakini *pizza fritta*, pizza ya kukaanga, kwa asili hujazwa *cicoli*, vipande vya nyama na mafuta ya nguruwe. *Taralli* (vipete vikavu vya unga) za pilipili manga na *sfogliatella* (kitafunwa kitamu cha tabaka nyembamba) hutengenezwa kwa *strutto*. *Babà*, keki ndogo, hulowekwa kwenye ramu. Asiyekula hivyo akimbilie *cuoppo di mare*: koni ya karatasi iliyojaa dagaa, ngisi na kamba wa kukaanga.

Hatua ya 7: Bologna, siku tatu

Firenze na Venezia ni za kutazamwa, na ukilala humo unalipia umaarufu huo. Bologna ni mji wa watu wanaoishi: una wanafunzi wa chuo kikuu kinachohesabu mwanzo wake mwaka 1088, una vyumba vya bei nafuu kuliko hizo mbili, na njia za treni zinakutana hapo. Lala popote kati ya kituo na Piazza Maggiore. Onyo moja: wakati wa maonyesho makubwa ya biashara bei hupanda vibaya, hivyo angalia tarehe kabla ya kuweka chumba.

Mji una baraza zenye matao urefu wa kilomita 62, na baadhi ya sehemu zake ziliingia urithi wa dunia mwaka 2021. Mvua inanyesha nawe unatembea mkavu. Panda ile ya San Luca, matao 666, karibu kilomita nne hadi kanisa la kilimani, nenda asubuhi. *Tortellini*, tambi ndogo za kujazwa, zina nguruwe ndani. Badala yake agiza *tortelloni* za ricotta (jibini laini) kwa siagi na majani ya seji. Soko la Quadrilatero ndiko kwa kununua jibini la Parmigiano Reggiano. Waambie unataka ya miezi 24 au zaidi, ifungwe *sottovuoto* (bila hewa ndani), ili isafiri hadi nyumbani.

Firenze iendee siku yoyote isiyo Jumatatu, maana makumbusho ya Uffizi na Accademia, yenye sanamu ya Daudi ya Michelangelo, hufungwa siku hiyo. Venezia ni saa moja na nusu. Siku kadhaa kati ya Aprili na Julai mgeni wa kutwa hulipa ada ya kuingia, nusu bei akijisajili mapema. Kama moyo wako uko Venezia, lala huko usiku mmoja, kwa sababu uzuri wake huanza watalii wa kutwa wakiondoka.

Lakini ikiwa una siku moja tu, mimi naipeleka Ravenna. Ni saa moja na zaidi kidogo kwa treni ya mkoa, na kituo kiko karibu na mji. Ndani ya kaburi la Galla Placidia, la karne ya 5, dari ni bluu nzito iliyojaa nyota za dhahabu, na mwanga huingia kupitia vidirisha vya alabasta. Jirani yake ni San Vitale, ambamo mfalme Justinian na malkia Theodora wanakutazama kwa macho makubwa ya mozaiki. Ukimaliza, kula *piadina*, inayofanana na chapati, kwa jibini la *squacquerone*. Ya asili ina *strutto*. Omba ya *all'olio*, ya mafuta ya mimea.

Hatua ya 8: Pesa, usalama na kutoka

Kadi inakubalika karibu kila mahali. Mashine ya ATM ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi, kataa, chagua euro. Plagi za pini tatu bapa za kwetu haziingii. Beba adapta ya pini mbili za duara. Namba ya dharura ni 112. Vibaka hukaa Termini, kwenye basi namba 64 la Roma na kwenye Circumvesuviana. Ukisikia mtu anakuita "Afrika, ndugu!" na kutaka kukufunga bangili mkononi, mkono uweke mfukoni uendelee kutembea, bangili ikifungwa, pesa hudaiwa. Mikoba bandia ya barabarani usinunue, faini humpata mnunuzi pia.

Duka likiwa na mpango wa kurudisha kodi, manunuzi ya zaidi ya euro 70 kwa anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya yanastahili. Onyesha pasipoti dukani upewe fomu, na kwenye Malpensa, uwanja wa ndege wa Milano, kama bidhaa zimo kwenye sanduku, pitia forodha kabla hujalikabidhi.